Maboga ya barazani: usiyang'oe, yaongezee chombo

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia hivi:

"Shikamoo bibi shamba. Naishi nyumba ya kupanga, uwanja wote umepigwa pevingi, hakuna hata pa kuchomeka mchicha. Mwishoni mwa Juni nilichukua mbegu tatu za boga nililonunua sokoni nikazifukia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Nilitaka mmea utambae kwenye nguzo za baraza uwe pambo, maboga yenyewe siyatafuti sana. Zimeota zote tatu na zimerefuka. Sasa majani yananyauka kila mchana, yana madoa meupe, maua yanachanua na kuanguka bila kuzaa, na mmea hautaki kushika nguzo, unateleza chini. Jirani ananiambia boga ni la shambani, ning'oe nipande maua. Ning'oe? Na majani yake yanalika?"

Marahaba, mwanangu. Using'oe. Katika hayo manne uliyoyataja, mawili si ugonjwa wala kosa, ndivyo boga lilivyo. Moja linatokana na nguzo. Lililobaki, la kunyauka, ndilo kosa la kweli, nalo linatibika bila kuhamisha mche. Nakuomba sana usijaribu kuuhamisha, maana mche wa boga wenye wiki saba ukiugusa mizizi unaduwaa, na mara nyingi haurudi.

Nianze na madoa meupe, kwa sababu ndiyo yanayowatisha watu wengi mpaka wanang'oa mmea mzima. Chukua jani moja ulitazame kwa karibu kwenye mwanga wa asubuhi. Je, weupe umekaa kwenye pembe, pale mishipa ya jani inapogawanyika, na unang'aa kama fedha iliyopauka? Sugua kwa kidole gumba. Kama haufutiki, hiyo ni rangi ya jani lenyewe. Chini ya ngozi ya jani pale pana nafasi ndogo za hewa, na mwanga ukizipiga panaonekana peupe. Maboga mengi ya kienyeji yanayouzwa Pwani ni ya aina ambayo wataalamu wa mimea huiita Cucurbita moschata, na madoa hayo ni pambo lake la kuzaliwa. Kwa mtu anayetaka mmea wa kupendezesha baraza, umeokota aina nzuri kuliko nyingi za dukani. Lakini kama weupe unafutika na kubaki kidoleni kama unga wa sembe, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa majani, na nitausema mbele.

Siku nyingine ukienda sokoni na ukitaka kujua unanunua mbegu ya aina gani, tazama kikonyo cha boga, pale lilipokatwa. Cha moschata ni kigumu, kina pembe tano, na kinatanuka kama mguu wa kuku pale kinapokutana na tunda. Kikiwa mviringo, kinene, chepesi kama gome la mti, hiyo ni Cucurbita maxima, ambayo hupenda zaidi kwenye baridi kidogo, Lushoto, Njombe, Limuru huko. Joto na unyevu wa Dar huyavumilia vizuri zaidi moschata.

Sasa kunyauka. Jani la boga ni pana kama sinia na halina ngozi nene ya kulizuia lisipoteze maji. Saa saba mchana, juu ya pevingi iliyochemka, jani linatoa maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, basi linajikunja kupunguza hasara. Hata maboga ya shambani yanafanya hivyo. Kwa hiyo usiuhukumu mmea wako saa saba, utazame saa kumi na mbili asubuhi. Ukiukuta umesimama imara, ulikuwa unajikinga na jua tu. Ukiukuta bado umelala, mizizi ina shida. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili: pakiwa pakavu, una kiu, pakiwa na tope linalonuka, unaoza.

Naona shida yako ni kiu, na sababu ni hesabu. Lita 20 za udongo kwa mche mmoja wa boga ni kidogo, nawe umeweka mitatu. Mimi kwa mche mmoja ninaotaka ufunike baraza sitaki chini ya lita 40, na nikipata 60 nafurahi. Pipa la lita 200 lililokatwa katikati linatoa vyombo viwili vizuri mno. Watu hudhani mmea wa pambo unahitaji chombo kidogo kuliko mmea wa chakula. Kwa boga ni kinyume. Unaponiambia hutafuti maboga sana, una maana unataka majani makubwa, mabichi, yanayoendelea kutoka, na maua ya manjano kila asubuhi. Hayo ndiyo yanayokunywa maji. Mkulima wa shambani anaweza kuvumilia majani yaliyochakaa ilimradi boga linajaa. Wewe unayetazama majani huwezi.

Fanya hivi basi. Kati ya miche mitatu, chagua mmoja wenye shina nene na mafundo yaliyo karibukaribu. Miwili mingine ikate kwa kisu usawa wa udongo. Usiivute, maana mizizi imeshafumana na ukivuta utachana ya yule unayemwacha. Hayo majani yaliyokatwa ni mboga ya leo jioni.

Halafu tafuta chombo cha pili, kikubwa kuliko hicho, ukiweke karibu na ndoo upande ule mmea unaoelekea. Kijaze udongo. Chukua shina la mmea wako, lilaze taratibu juu ya udongo wa chombo kipya, na fukia mafundo mawili, yaani zile sehemu jani linapotokea, kwa kina cha vidole viwili. Jani lenyewe liache juu. Bana shina kwa waya uliokunjwa kama pini ya nywele lisiinuke, kisha mwagilia na uache palepale. Boga lina tabia hii: popote fundo lake linapogusa udongo wenye unyevu, linatoa mizizi. Ukifukua kidogo baada ya siku nane hadi kumi utaona nyuzi nyeupe nene zimeshuka. Tangu hapo mmea wako unakunywa kutoka vyombo viwili, na ile ndoo ndogo haiubani tena. Shambani boga hufanya hivi lenyewe kila hatua linapotambaa. Barazani linanyimwa ardhi, basi sisi ndio tunaolisogezea.

Nimeokoa mimea mingi kwa njia hii, na hata nikianza na chombo kikubwa bado naweka cha pili. Kuna mwaka nyuki weusi, wale wanaochimba mbao, walitoboa nguzo yangu, fundi akaja kuirekebisha na nyundo ikaangukia shina karibu kabisa na udongo, likapasuka. Mmea ulinyauka siku mbili, kisha ukaendelea na mizizi ya chombo cha pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuhusu udongo wa kujaza. Udongo mtupu wa uwanjani ukiwekwa kwenye chombo unashikana kama tofali. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo tifutifu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka hainuki, na ndoo moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kupondwa. Makumbi yanashika maji na kuufanya udongo uwe mwepesi. Lakini yapate kwa muuza nazi, si ufukweni. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamenyonya chumvi, na boga haliwezi chumvi. Hata yale ya muuza nazi yaloweke usiku kucha na umwage maji yake ya kahawia. Samadi ya kuku ina nguvu lakini mbichi inaunguza. Niliwahi kupoteza miche sita kwa wiki moja kwa sababu nilimwamini muuzaji aliyesema imeshaoza. Ukiingiza mkono kwenye kiroba ukakuta joto, haijaoza.

Usiweke kokoto chini ya chombo. Najua tumefundishwa hivyo wote. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama kwanza juu yake mpaka udongo ulowe chapachapa, kwa hiyo kokoto zinasogeza tope karibu na mizizi na kula nafasi ya udongo. Kinachohitajika ni matundu: sita, ya upana wa kidole, na chombo kiinuliwe juu ya vipande vya matofali ili maji yatoke na joto la pevingi lisipande moja kwa moja. Kama ndoo ni nyeusi, ipake chokaa au ivalishe kikapu cha ukindu. Inapendeza, na mizizi haichemki.

Na tafadhali, usiweke sahani ya kukinga maji chini ya chombo. Dar imepata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza hutaga hasa kwenye maji kidogo yaliyosimama karibu na watu. Pambo la barazani lisiwe zalio la mbu.

Maji yenyewe: mwagilia asubuhi mapema, polepole, mpaka yatoke chini. Mmea mkubwa wakati huu wa kusi, upepo ukiwa mkavu, mimi huupa lita nane hadi kumi kwa siku, nikigawanya asubuhi na jioni. Mwaga kwenye udongo, si juu ya majani. Funika udongo kwa nyasi kavu. Kama uko ghorofani, wewe msomaji mwingine unayesoma hapa, kumbuka chombo cha lita 60 kikilowa kinaweza kufika kilo 80. Kikae karibu na ukuta, si kwenye ukingo wa roshani.

Nguzo. Boga halijizungushi kwenye nguzo kama maharage. Linapanda kwa vile vijikamba vinavyotoka pembeni ya jani, vishikizi, na kishikizi hakiwezi kukumbatia kitu kinene wala kushika saruji iliyolainishwa. Kinataka kitu chembamba, unene wa penseli au chini yake. Siku moja kaa nacho. Weka kamba iguse ncha ya kishikizi asubuhi, ukirudi mchana utakikuta kimeshajizungusha. Kesho yake sehemu iliyobaki kati ya kamba na shina itakuwa imejikunja kama springi, na ukitazama vizuri, nusu ya mikunjo inazunguka upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili, katikati pana kipande kilichonyooka. Ndiyo maana upepo ukivuma shina linavutwa na kurudi bila kukatika. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nasimama kuitazama.

Kwa hiyo ivalishe nguzo. Nyavu kuukuu za uvuvi ndizo nzuri kuliko zote. Feri au Kunduchi utazipata kwa wavuvi, zioshe chumvi mara mbili tatu, kisha zifunge kutoka chini hadi kwenye boriti. Kamba za katani zilizopigwa kimsalaba nazo zinafaa. Mwanzoni usaidie mmea kwa kuufunga na vipande vya khanga iliyochakaa, fundo legevu la umbo la namba 8, maana shina linanenepa. Usitumie waya mtupu. Ukichomwa na jua unaunguza shina.

Shina likifika kimo cha kiuno, kata ncha yake. Najua mkono unasita. Lakini boga lisilokatwa ncha linakwenda kama kamba moja ndefu, majani yote yako mbali juu na chini kumebaki kikonyo kitupu. Ukikata, matawi mawili matatu yanatoka pembeni, na hayo ndiyo yanayojaza nguzo. Mama zetu hawakuhitaji kuambiwa hili. Walichuma ncha kila wiki kwa ajili ya chungu, na mmea ukazidi kutanuka. Chini ya nguzo, ambako majani ya kwanza yatageuka manjano hata ufanyeje, panga vyungu vifupi vya majani ya rangi vifiche uwazi.

Sasa maua yanayoanguka. Tazama nyuma ya ua. Kama limekaa juu ya kikonyo chembamba, kirefu, bila uvimbe wowote, hilo ni ua dume, na kazi yake ni kutoa chavua asubuhi moja na kuanguka. Boga huanza kwa kutoa madume kwa wiki moja au mbili kabla jike la kwanza halijaonekana, na joto kali huongeza madume. Ua jike utalijua: lina kiboga kidogo kama gololi nyuma yake. Kila ua hufunguka mara moja tu, kabla jua halijapanda, na kufikia saa nne limeshafunga. Kwa hiyo kama unataka kuyafurahia, kunywa chai yako barazani mapema.

Na hapa kuna uamuzi ambao ni wako, siwezi kukufanyia. Mmea wa boga ukishashika tunda, nguvu zote zinakwenda huko. Majani mapya yanakuwa madogo, ya zamani yanazeeka haraka, maua yanapungua. Nimeona baraza iliyokuwa kijani kibichi ikachakaa ndani ya wiki tatu kwa sababu mwenye nyumba aliona raha kuacha matunda manne yakue kwa pamoja. Ukitaka pambo la majani na maua, majike yaondoe mapema, ya ukubwa wa gololi hadi ndimu; yanapikwa yakiwa machanga hivyo na ni matamu. Ukitaka boga moja lining'inie kama taa, chagua moja tu, kwenye tawi lenye nguvu, na ulibebe kwa wavu uliofungwa kwenye boriti, si kwenye shina. Moschata ya kienyeji inaweza kuvuka kilo nne, na ikiachiwa itashusha kila kitu chini. Anayependa vidogo vya kupanga mezani atafute mbegu za Jack Be Little. Matunda yake hukaa kwenye kiganja na mmea unayabeba bila msaada, ingawa Pwani nimeona hauishi muda mrefu kama wetu.

Kama umeamua kuwa na hilo moja na huoni nyuki, chavusha mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali, na upakaze ule unga wa njano kwenye kati ya ua jike, kote, polepole. Kikishika utaona kiboga kimenenepa baada ya siku tatu nne. Kikigeuka manjano na kulegea, hakikushika, ngoja jike lijalo.

Ubwiri unga utakuja, usijiulize kama utakuja. Unaanza kwenye majani ya chini yaliyobanana. Kata majani yaliyozeeka hewa ipite, na mara moja kwa wiki nyunyizia maziwa ya ng'ombe: sehemu moja ya maziwa, tisa ya maji, asubuhi yenye jua. Watu hunidhania natania. Mtafiti Wagner Bettiol wa Brazil alichapisha mwaka 1999 matokeo ya kunyunyizia maziwa kwenye zukini, ndugu wa karibu wa boga, na yalizuia ubwiri unga vizuri. Anza kabla jani halijajaa, maana lililokwishafunikwa halirudi kuwa kijani. Jani likitoka limekunjamana, lina mabaka ya njano na kijani na mmea umedumaa, hicho ni kirusi kinacholetwa na vidukari. Huo mmea uondoe wote siku hiyohiyo, hauna dawa.

Hata ukifanya yote haya, mmea wa boga una miezi minne mizuri, mitano ukibahatika. Ndiyo maana wanaosema si mmea wa pambo wana hoja. Jibu langu kwao ni chombo cha tatu. Wakati mmea wa kwanza una wiki saba, kama wako sasa, panda mbegu mbili moja kwa moja kwenye chombo hicho cha tatu, ubakize mche mmoja. Ukianza kutambaa, wa kwanza utakuwa unachoka, na wavu ni uleule. Kwa Dar ukipanda wa pili katikati ya Agosti, utakuwa umejaa kabla vuli haijakolea.

Umeuliza pia mwishoni kama majani yake yanalika. Sana. Chuma ncha na majani machanga, menya nyuzi za vikonyo, katakata, pika kwa tui au karanga za kusaga. Ila jambo moja ulishike: jani, kiboga au boga likiwa chungu ulimini, teme, usimalizie kwa kuona haya chakula kisitupwe. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii hii, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2015 huko Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini chungu zilizolimwa nyumbani. Kwa kawaida maboga ya kula hayana uchungu huo. Hujitokeza hasa kwenye mbegu za vibuyu vya pambo, au za boga lililochavushwa navyo. Kwa hiyo ukinunua pakiti iliyoandikwa ya mapambo, itazame tu, na mbegu zake usizihifadhi.

Wako umetoka kwenye boga ulilokula, basi leo kata ile miche miwili, onja kipande kidogo kwanza, na ukiona ni kitamu weka sufuria. Shina lililobaki lilaze kwenye chombo kipya kabla jua la kesho halijapanda.